Dona Nilde na Miezi ya Kungoja

Tangu mwezi wa tatu mzee Abelardo hapandishi tena sauti ya redio. Kwa miaka kumi na saba, kila mwanamke mgeni alipopanda ngazi hadi ghorofa ya pili na kugonga mlango wa jirani yake, fundi saa huyu alinyoosha mkono bila kuinua macho kwenye kazi yake, akaongeza sauti, ili yanayosemwa nyuma ya ule ukuta mwembamba yabaki ya wenyewe. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Sasa kioo cha mlango ule kimebandikwa magazeti kwa ndani, redio inasema kwa sauti yake ya siku zote, na Zuleica, aliyekuwa msaidizi mle ndani, akipita kwenye ujia ule kwa visingizio anavyojitungia mwenyewe, husikia kila neno la mtangazaji na kuona pako kimya kupita kiasi.

Dona Nilde Tostes alikuwa mtoboaji. Masikio, pua, kitovu alitoboa kama watoboaji wengine wa mji wa Juiz de Fora, Brazili, lakini wanawake waliotoka hadi Ubá na Muriaé, wakaketi kwenye basi kwa saa mbili na mikoba mapajani, hawakuja kwa ajili ya pua. Walikuja kwa ajili ya kule chini. Alikuwa amefunga vidonda hospitalini miaka kumi na miwili kabla ya kushika sindano hii nyingine, na alikuwa na uso wa mtu wa hospitali, uso usioshtuka, usiocheka wala kulaumu. Mwanamke alivua alichotakiwa kuvua mbele ya uso ule kama anayevua koti.

Wengi walimuuliza swali moja. "Na wewe unayo, Dona Nilde?"

"Ukienda kung'oa jino humwambii daktari afungue kinywa," alijibu, na hakuna aliyewahi kujua.

Zuleica alimjua akiwa mteja. Alikuwa na miaka thelathini, ametoka kuachana na mwanamume, na alitaka ile waliyoiita Kristina, kipini kinachosimama juu kabisa, pale mashavu ya nje yanapokutana chini ya kinena. Dona Nilde alimlaza kitandani, akavaa glavu, akampa kioo cha mkono.

"Shika mwenyewe. Tuangalie pamoja."

"Mimi niangalie nini? Wewe ndiye fundi."

"Hujawahi kupaangalia?"

Zuleica alikigeuza kioo kikatazama dari.

"Kristina uliiona wapi, mwanangu?"

"Kwenye simu."

"Ya nani?"

"Yangu. Aliyenitumia picha ni yeye, kabla hajaondoka."

Dona Nilde alibonyeza kidogo kwa vidole viwili, akaachia. "Pako pamekaa tambarare. Hapana mkunjo. Nikipitisha chuma hapa kitakaa miezi, halafu ngozi itakisukuma nje kama inavyosukuma mwiba, na utabaki na kovu."

"Kwa hiyo nina kasoro."

"Kasoro ya nini? Kuna mguu wa kiatu chembamba na mguu wa kiatu kipana. Pete inafuata mwili, mwili haufuati pete. Vaa nguo zako. Na huyo aliyetuma picha, mfute."

Zuleica akatoka pale bila pete na akiwa na kazi, kwa sababu Dona Nilde alikuwa anatafuta mtu wa kupokea simu, kufunga vyombo kwenye mifuko yake na kusimamia mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu. Alikaa miaka minane. Alijifunza aina zote bila kuwahi kuwa nayo hata moja. Alijua kwamba utoboaji wa wima, unaopita kwenye ngozi inayofunika kinembe bila kukigusa chenyewe, ndio unaowafaa wengi na kupona upesi, kama kuna nafasi chini ya ngozi ile. Na nafasi ilipimwa kwa kijiti cha pamba, kikiingia na kutulia, sawa, kisipoingia hakuna mjadala. Wa mlalo hupendeza kwa macho lakini kwa wengine pete hugeuka na kukwaruza. Mashavu ya ndani hupona ndani ya wiki chache, ila yakiwa membamba huchanika. Ya nje huchukua miezi na hugombana na suruali. Ule wa nyuma, karibu na msamba, Dona Nilde hakumtoboa mwanamke aliyekuwa bado anapanga kuzaa. Kinembe chenyewe alikitoboa mara mbili tu katika miaka yote, na mara zote mbili alikuwa amekataa kwanza kwa mwaka mzima. Na pembetatu, inayopita nyuma ya kinembe penye mishipa, aliiogopa. "Nikikosea upana wa punje ya mchele," alisema, "nimemwondolea mtu hisia maisha yake yote, na hakuna duka la kuzinunulia nyingine."

Lakini kilichomfanya Dona Nilde kuwa Dona Nilde kilikuwa kungoja. Hakumtoboa mtu siku ya kwanza. Mwaka wa kwanza wa kazi alimtoboa mwanamke aliyetoka kugombana na mumewe asubuhi ile ile. Kesho yake mwanamke alirudi analia, anataka pete itolewe, na aliyetaka itolewe hakuwa yeye, ni mumewe. Toka hapo akaweka sharti lake. Uje, uangaliwe, uambiwe mwili wako unakubali nini, kisha uende. Hedhi ikupitie, urudi useme bado unataka. Ikupitie tena, urudi tena. Baada ya tatu, anatoboa. Mwezi wa kwanza unaweza kusukumwa na mtu, alisema, wa pili ukasukumwa na hasira zako, wa tatu hapana mwingine aliyebaki isipokuwa wewe. Tena hedhi ilimhakikishia kwamba hatoboi mja mzito, na kwamba wiki za mwanzo za kidonda zitakuwa kavu. Watoboaji wengine walimcheka. Yule kijana wa mtaa wa Benfica, anayetobolea kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la simu, aliwaambia watu kwamba kwa Nilde unapata pete pamoja na cheti cha ubikira.

Na aliyetimiza miezi mitatu hakukataliwa. Hilo nalo lilikuwa sharti.

Marlúcia Bastos alipanda ngazi zile Jumanne ya tarehe nne ya mwezi wa tisa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mpishi wa keki za harusi, mikono mipana yenye makovu madogo ya oveni, na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Alitaka pembetatu.

"Nani anaitaka?" Dona Nilde aliuliza, kama alivyowauliza wote.

"Mimi. Mume alishaondoka na kabati langu la vyombo. Hata vikombe hakuacha."

"Hakuna mwingine?"

"Kuna jirani ananipungia mkono, lakini yule anataka keki."

Zuleica alicheka nyuma ya pazia. Dona Nilde hakucheka, ila alimwangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamweleza kwa nini pembetatu haifai kwake, kwamba nyama ya pale ni chache, na kwamba wa wima ungekaa vizuri sana. Kijiti cha pamba kiliingia na kutulia kana kwamba mahali pale palingojea. Akamsomea maswali ya kwenye karatasi. Una kisukari? Hapana. Unatumia dawa za kulainisha damu? Hapana. Makovu yako huvimba? Hapana. Umewahi kuumwa ugonjwa mkubwa, umewahi kupasuliwa? Hapana, na hapana.

"Basi nenda, mwanangu. Hedhi ipite, urudi."

"Lazima?"

"Lazima."

Marlúcia aliangalia dari kidogo. "Sawa," akasema. "Nitarudi."

Alirudi Jumanne ya tarehe mbili ya mwezi wa kumi, na keki ya unga wa mahindi yenye mbegu za shamari, bado ina joto. Akarudi Jumanne ya tarehe thelathini ya mwezi ule ule, na nyingine. Walikula watatu na kahawa, na mzee Abelardo akapelekewa kipande chake kwenye karatasi. Ni siku hiyo ya pili, akiandika kwenye daftari, ambapo Zuleica aliona. Alihesabu kwa kalamu, safu kwa safu. Siku ishirini na nane, na siku ishirini na nane. Yeye mwenyewe tangu usichana hakuwahi kupata miezi miwili inayolingana, na katika miaka minane ya daftari lile hakumkumbuka mwanamke aliyerudi siku kamili, saa ile ile, kama basi la kwenda Rio.

"Wewe shoga," alimwambia, "tumbo lako amelirekebisha mzee Abelardo nini? Halichelewi hata siku moja."

Marlúcia alicheka. Lakini alicheka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka chumba kingine, na Zuleica aliona kule kuchelewa. Aliona, akakata kipande kingine cha keki, akafunga daftari. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini. Alimpenda, hilo moja. Na keki ilikuwa tamu. Na mwanamke mzima akisema hedhi yake imepita, wewe ni nani wa kumwambia haikupita?

Tarehe ishirini na saba ya mwezi wa kumi na moja akalala kitandani kutobolewa.

Dona Nilde alipanguza mahali pale kwa dawa, akawasha taa ya karibu, akasita. Zuleica, aliyeshika sinia, aliona mkono wake umebaki hewani.

"Ngozi yako ya hapa," Dona Nilde alisema. "Imepauka. Inang'aa. Ilikuwa hivi siku ya kwanza?"

"Ndivyo nilivyozaliwa."

"Na vinyweleo?"

"Dona Nilde, mimi nimengoja miezi mitatu. Au kuna wa nne?"

Redio ya upande wa pili ilikuwa inapiga tangazo la sabuni. Zuleica angeweza kusema pale. Alikuwa na neno mdomoni, dogo tu, siku ishirini na nane, na sinia likiwa zito mikononi mwake kupita uzito wake. Dona Nilde aliinamisha kichwa. Sindano ikapita, kipini cha titani kikaifuata, na kazi ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kufanya; alisema hivyo mwenyewe, yeye asiyejisifu. Damu ilikuwa tone moja.

Marlúcia hakulia. Aliomba kioo, akajitazama muda mrefu, na kicheko chake hakikuwapo usoni. "Sasa kuna kitu kimoja hapa," alisema polepole, "nimekiweka mimi."

Wakadhani anamsema mume.

Akapewa maelekezo wanayopewa wote. Maji ya chumvi asubuhi na jioni. Usishike kwa mikono isiyooshwa. Chupi ya pamba, si ya nailoni. Usiende kuogelea mtoni wala bwawani. Usilale na mtu mpaka niseme. Wiki ya nne uje nione, ya sita utakuwa umesahau kama kipo.

Wiki ya nne ilikuwa Krismasi, hakuja. Wiki ya sita alikuja na mvua ya mwezi wa kwanza, viatu vimelowa, akalala, na Dona Nilde akaangalia, akazima taa, akaiwasha tena. Tundu lilikuwa kama siku ya kwanza. Si kama siku ya pili. Hakukuwa na usaha, uvimbe, joto wala harufu. Kando zake zilikuwa nyeupe, zimetulia. Kama pangekuwa na usaha angejua la kufanya. Alikuwa amepambana na usaha nusu ya maisha yake. Hapa hapakuwa na adui. Ile nyama haikuwa inafanya chochote.

"Unapaosha?"

"Kila siku."

"Umelala na mtu?"

"Ningepata wapi mtu mvua hii?"

Dona Nilde alivua glavu. Alivuta kiti, akaketi karibu na kichwa cha Marlúcia badala ya miguuni, jambo ambalo Zuleica hakuwahi kuliona.

"Marlúcia. Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

Marlúcia hakumwangalia yeye. Alimwangalia Zuleica, aliyekuwa amesimama penye pazia, na Zuleica akashusha macho sakafuni.

"Miaka mitano," Marlúcia alisema.

Akaeleza akiwa bado amelala, magoti yamefunikwa shuka. Saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi siku ishirini na tano, kisha ile mingine ya ndani, ya kufungwa kitandani usisogee. Amepona, ndiyo, wanamwambia kila miezi sita kwamba amepona. Lakini kwa miaka mitano kila aliyemwangalia pale alikuwa amevaa glavu na ameshika karatasi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye anataka nini pale. Mume alikuwa hapaangalii tena. Alipoondoka na vyombo, Marlúcia aliona ni haki, kwa kuwa mwili wenyewe ulikuwa umeshakuwa wa wengine.

"Ulikuwa unahesabu siku," Dona Nilde alisema.

"Kwenye kalenda ya jikoni. Ningekwambia ukweli, ungenitoboa?"

"Nisingekutoboa."

"Basi."

Dona Nilde alijua, kama anavyojua kila aliyefunga vidonda hospitalini, kwamba nyama iliyopitiwa na mionzi husahau kupona. Mishipa midogo hufa ndani yake. Huwezi kuikumbusha. Alimwomba waitoe ile pete papo hapo. Marlúcia alikataa. Alimwomba tena, kwa sauti ambayo Zuleica hakuijua, sauti ya chini, karibu ya mtoto. Marlúcia alimshika mkono akamwambia, kwa upole kabisa, kana kwamba yeye ndiye muuguzi, "Hainiumi, Dona Nilde. Usiogope. Haiumi hata kidogo."

Alipoondoka, Zuleica alileta daftari, akaliweka mezani, likiwa wazi ukurasa wa mwezi wa kumi.

"Niliona," alisema.

Dona Nilde alisoma zile tarehe. "Lini?"

"Alipoleta keki ya pili."

Dona Nilde alikwenda kwenye sinki, akaosha mikono muda mrefu, mpaka kwenye viwiko, kama wanavyoosha kabla ya kazi, si baada. "Mimi niliona ngozi," alisema akiwa amempa mgongo. "Taa imewaka, iko mbele ya macho yangu. Nikajiambia, huyu amengoja. Sharti nililoweka la kuwalinda, nikalisikiliza kuliko macho." Akafunga bomba. Hawakulizungumza tena.

Walimpeleka Marlúcia kituo cha afya wote wawili. Daktari, msichana mwenye macho ya usingizi, alisema pete ikitolewa huenda tundu likafunga au lisifunge, ikibaki huenda likaoza au lisioze. Akaandika marhamu. Dona Nilde, aliyezoea kuwa na jibu la kila mwanamke, aliisoma ile karatasi mara mbili nje ya mlango, akaikunja, akamkabidhi Marlúcia. Ikawa kila Jumanne Marlúcia anakuja, analala, anaoshwa kwa maji ya chumvi yaliyopashwa joto, anavaa, anakunywa kahawa, anaondoka. Kila Jumanne ilikuwa vile vile. Zuleica alizichukia Jumanne zile, na alijichukia kwa kusikia nafuu saa Marlúcia aliposhuka ngazi akiimba.

Katikati ya wiki wanawake wengine waliendelea kuja, na Dona Nilde akaanza kuwauliza. Alikuwa ameuliza siku zote, lakini sasa hakuishia hapo. Hedhi ilianza siku gani? Iliisha siku gani? Nionyeshe. Mama yako alikufa kwa nini? Hospitali gani? Mwalimu mmoja wa shule, aliyekuwa amemaliza miezi yake mitatu kwa utiifu wote, alikaa akajibu maswali nusu saa, kisha akasimama akavaa viatu. "Mimi nimekuja kutobolewa," alimwambia Zuleica mlangoni, "sikuja polisi." Waliomvumilia mpaka mwisho aliwalaza, akawasha taa, akaangalia, akaangalia, halafu akawaambia waamke, mwili wao haukubali. Zuleica aliyeshika sinia aliona kijiti cha pamba kinaingia na kutulia. Mwezi wa pili hakutoboa mtu hata mmoja. Mtungi wa mvuke ulichemsha vyombo vilivyokuwa safi tangu wiki iliyopita.

"Sasa tunafanya nini hapa, Dona Nilde?" Zuleica aliuliza.

"Tunangoja Jumanne."

Jumanne iliyofuata sherehe za Karnivali Marlúcia alikuja na kipini kwenye kiganja. Kilianguka chenyewe akioga. Ile ngozi haikuchanika, haikuvuja damu. Ilikuwa imekiachia tu, taratibu, uzi kwa uzi, mpaka ikabaki mfereji mdogo mweupe mahali palipokuwa na tundu. Alikuwa amekichemsha nyumbani kwenye sufuria ya shira, akakifunga kwenye karatasi ya keki.

"Nirudishie," alisema.

"Siwezi."

"Pembeni kidogo. Kwenye shavu la nje, ulisema la nje linakubali kila mtu."

"Nilikuwa sijui nilichokuwa naangalia. Hakuna mahali, Marlúcia. Nyama yote hiyo imepita mionzi. Popote nitakapotoboa itakuwa hivi, au mbaya zaidi. Nikikupa kidonda kikubwa hakuna wa kukifunga, si mimi, si wao."

"Nilikaa nacho miezi mitatu," Marlúcia alisema. "Nilikuwa naamka nakikuta."

Zuleica alingojea Dona Nilde aseme kitu, kile kitu ambacho alikuwa nacho siku zote kwa kila aliyelala pale, mguu na kiatu, chochote. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, haina glavu.

"Basi nitakwenda Benfica," Marlúcia alisema, bila hasira. "Yule haulizi."

"Najua haulizi."

"Utanizuia?"

"Nitakuzuiaje?"

Marlúcia alimbusu shavuni, akambusu na Zuleica, akashuka. Zuleica alimfuata mpaka ngazi ya kwanza, akamwita jina mara mbili, na Marlúcia akainua mkono bila kugeuka. Simu yake iliita siku nyingi bila kupokelewa, kisha ikawa haiiti. Mwanamke wa duka la vifaa vya keki anasema bado hununua sukari ya unga, kila mwezi, na anatembea vizuri. Kama alikwenda Benfica au hakwenda, Zuleica hajui, na haliwezi kuwa swali la kuuliza dukani.

Dona Nilde alifunga chumba wiki mbili baadaye. Mtungi wa mvuke aliununua daktari wa meno wa ghorofa ya nne, na daftari alilichoma mwenyewe kwenye ndoo ya bati. Siku hizi yuko mji wa Rio Pomba, nyumbani kwa kaka yake, na anauza dawa za mifugo dukani zamu ya asubuhi.